Shetani wa Jumuiya

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo alitaka picha ya somo wetu, Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu, iwe tayari kabla ya sikukuu yake, 29 Septemba. Awe na dirii ya chuma, nuru kichwani, na sura ya mtu kabisa, siyo katuni. Hela ya rangi ilitoka. Ya dirii haikutoka.

Sasa, chuma kinachong'aa hakina rangi yake. Ukikipaka silva ya kopo, malaika anatoka kama bati la banda la kuku. Inabidi uchore kile chuma kinachokiakisi. Nikaazima kwa jirani sufuria ya shughuli, nikaisugua kwa jivu, nikamfunga nayo kifuani kijana wa bodaboda aliyekubali kuchorwa. Sufuria ikaakisi ua mzima, nami nikachora kwa uaminifu. Ndiyo maana kwenye kifua cha Malaika Mkuu kuna kanga ya mama mwenye nyumba, imeanikwa.

Simu ilipoita, Mikaeli aliondoka na abiria, upanga kaegemeza ukutani. Jirani naye akaifuata sufuria yake, mchele umeshaoshwa.

Nuru ikaleta ubishi. Waitaliano wa kale walibandika dhahabu nyuma ya kichwa, kazi ikaisha. Lakini ukitaka uhalisia, nuru hiyo lazima imulike mabega na masikio. Nilipoyamulika, wanajumuiya wakauliza umeme umerudi saa ngapi.

Balaa lenyewe alikuwa shetani anayekanyagwa. Uso wa malaika hugombewa; wa shetani hauna mwenyewe, kwa hiyo kila mtu huutafutia mwenyewe. Kule Roma, katika kanisa la Wakapuchini la Santa Maria della Concezione, kuna Mikaeli wa Guido Reni, aliyechorwa juu ya hariri karibu mwaka 1635. Inasimuliwa kwamba shetani wake alifanana na Kardinali Giovanni Battista Pamphilj. Mwaka 1644 kardinali huyo akawa Papa Innocent X.

Wangu nilimtoa kichwani mwangu, asifanane na yeyote. Kitambaa kilipoondolewa, mke wa mwenyekiti akapiga makofi: "Baba Kulwa, hata kipara wamekupatia!"

Mwenyekiti akaagiza shetani aongezwe ndevu, nene, mpaka kifuani. Nikaongeza usiku uleule. Tangu hapo katekista, mwenye ndevu pekee katika jumuiya, haitikii salamu yangu.