Heko, Tapeli wa Hakimiliki

Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" walikuwa washamba. Walirusha meseji gizani wakiomba imwangukie mtu anayedaiwa kweli na mwenye hela mkononi. Tapeli wa hakimiliki ni msomi, tusimnyime heshima yake. Huingia inboksi ya ukurasa wa Facebook akiwa na ngao ya buluu mahali pa sura na jina lenye neno Meta ndani yake, tena herufi moja ameichomoa kwenye alfabeti ya Kirusi: machoni inafanana na yetu, ila mashine inayowinda majina bandia inaiona ngeni na kuipisha. Humwarifu mwenye ukurasa kwamba amevunja hakimiliki na kwamba ukurasa utafutwa ndani ya saa 24 asipokata rufaa kwa kubofya kiungo hapo chini. Muuza vitenge huandikiwa, kwaya ya parokia huandikiwa, habagui. Na mnyenyekevu je? Wafuasi sifuri, ukurasa kaufungua juzi, na bado amekabidhiwa kesi za dunia nzima.

Ni mpole kuliko sheria. Mdai wa kweli ana kero zake, kwani DMCA, sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inamtaka ataje kazi iliyochukuliwa, aonyeshe ilipo, aache anwani, aweke sahihi, na athibitishe kwamba ana mamlaka ya kudai, akijua kuwa uongo hapo ni kosa la jinai. Tapeli wetu hamchoshi mtu kwa vijimambo hivyo. Hasemi ni wimbo gani, picha ipi, wala ya nani. Kosa lipo tu, kama dhambi ya asili.

Lakini sifa inayozizidi zote ni hii: anajibu. Mwandikie saa nane za usiku, anajibu. Muulize kosa ni lipi, hakwambii, ila anajibu. Mwambie kiungo hakifunguki, anatuma kingine. Ukiandika nenosiri, ukurasa wake hudai umekosea na kukuomba uliandike tena, taratibu, maana ni fundi asiyependa kazi ya kulipua. Kisha simu yako inapopokea namba sita za uthibitisho, hukungoja, hukubembeleza, hukuhimiza usichelewe kwa kuwa muda wa namba unakwisha. Mshika dau gani mwingine katika biashara hii amewahi kujali kiasi hicho kama umeingiza tarakimu zote? Ofisi anayojifanya kuiwakilisha hupati hata mlinzi wa getini wa kusalimiana naye.

Na hapo ndipo kicheko kinapokwama kooni. Tapeli hakubuni hofu anayoiuza, ameikuta sokoni. YouTube hufunga chaneli iliyopata maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90, na madai mengi mno huko hutolewa na mashine, Content ID, inayofanya kazi tangu 2007. Mashine hiyohiyo iliwapa watu wawili zaidi ya dola milioni 23 kwa muziki wa Amerika ya Kilatini ambao haukuwa wao, hadi waliposhtakiwa mwaka 2021. Mwaka 2019 YouTube yenyewe ilimshtaki mtu wa Nebraska aliyewabambikia watengeneza video wadogo madai ya uongo ili wamlipe, lakini hao wadogo walikuwa wamekwisha kupiga kelele hadharani. Mahali ambapo dai la kweli na la uongo hufika kwa sauti moja, bila mtu wa kuulizwa, mnataka muuza vitenge atofautishe vipi?

Atasema mtu: angesoma dalili. Ni kweli, zipo. Onyo halisi hukaa ndani ya akaunti, kwenye sehemu ya msaada au hali ya ukurasa, halibishi hodi kwenye maongezi. Hakuna rufaa inayohitaji umkabidhi mtu namba za uthibitisho. Anwani isiyoishia na facebook.com kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https:// ni ya kutiliwa shaka, hata ipambwe vipi. Mtu aliyetulia huyaona haya yote, na ndiyo maana tapeli huuza saa 24 na si wiki mbili. Mwingine atasema kampuni yenye watumiaji mabilioni haiwezi kumjibu kila mmoja. Mbona kumkata kila mmoja pesa za tangazo inaweza, hata tangazo liwe la shilingi elfu chache? Mashine inayonasa sekunde chache za wimbo kwenye video ya harusi na kuizima sauti, inashindwaje kulinasa jina la kampuni yake mwenyewe likivaliwa na mgeni mwenye ngao ya kuazima? Jibu ni kwamba wimbo una mwenyewe mwenye mawakili. Muuza vitenge hana.

Basi ukurasa ukishaibwa, mwenyewe hutafuta pa kulalamika na kuangukia fomu inayomtaka kwanza aingie kwenye akaunti aliyoibiwa. Yule anayetaka alipwe ili aurudishe yuko WhatsApp, hewani, na meseji ya kwanza tu ameshaijibu.