Barua ya wazi kwa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya: mshipa umekimbia

Waheshimiwa wajumbe,

Mkazi mmoja wa Picha ya Ndege, hapa Kibaha, anawasalimu kwa mkono wa kushoto na anaomba radhi kwa utovu huo wa adabu. Wa kulia umevimba. Wiki iliyopita ulichomwa sindano mara nne katika kituo kimoja asichotaka kukitaja, na kila sindano ilipochomolewa aliambiwa maneno yaleyale: "Mzee, mshipa umekimbia." Mkono wenyewe ulikuwa umekazwa kwa kipande cha glavu na kulazwa juu ya meza. Tangu siku hiyo anajiuliza mshipa huo ulikuwa unakimbilia wapi. Barabara ya Morogoro iko karibu, ni kweli, lakini hajasikia kondakta yeyote wa Mbezi aliyesema amempakia abiria wa namna hiyo.

Hata hivyo hii si barua ya malalamiko. Ni ya pongezi. Tangu ilipotungwa Sheria ya Wataalamu wa Maabara za Afya mwaka 2007 mkapewa daftari la usajili, mmehakikisha kwamba anayeisoma damu anajulikana: mteknolojia, fundi sanifu, msaidizi wa maabara, kila mmoja kwa daraja lake. Anayeitoa damu hiyo mkononi mwa mtu mmemwacha huru kama ndege. Anaweza kuwa mmoja wa hao. Anaweza kuwa muuguzi, ambaye ana baraza lake lingine. Anaweza kuwa mwanafunzi wa mazoezi, au kijana yeyote mwenye koti jeupe aliyekutwa karibu na trei. Kwa wenzetu mtu huyo ana jina, flebotomisti, neno lililozaliwa na Kigiriki cha mshipa na kukata. Kwetu ni "yule wa kutoa damu", na mgonjwa akitaka kumheshimu humwita daktari.

Mwenye barua angeelewa kama uhuru huo ungetolewa katika mji usiojua shule. Lakini Kibaha! Denmark, Finland, Norway na Sweden zilikuja hapa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuanzisha mradi ambao serikali ilikabidhiwa mwaka 1970, ukawa Shirika la Elimu Kibaha: sekondari, mafunzo ya wakulima, na kituo cha afya kilichokua hadi kuwa hospitali ya Tumbi. Chuo cha kufundisha matabibu kipo. VETA ya Pwani ipo, na anayetaka kuunga vyuma au kutandaza nyaya za umeme hupimwa kwanza ndipo akapewa cheti. Mwaka 2022 ikafunguliwa Kwa Mfipa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Yaani hata uongozi, kazi ambayo dunia nzima watu huifanya bila kuisomea, Kibaha ina darasa lake.

Na jinsi serikali inavyomtendea mtoa damu asiye na cheti, Kibaha tunaijua vizuri. Tuna kiwanda cha viuadudu cha Shirika la Maendeleo la Taifa, kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba, chenye kazi ya kuua viluwiluwi wa mbu madimbwini kabla hawajaota mabawa. Tuseme haki: mbu jike huipata damu gizani, bila taa wala mpira wa kufunga mkono, na hajawahi kumwambia mtu kwamba mshipa umekimbia. Lakini kwa kuwa hakusajiliwa na baraza lolote, amejengewa kiwanda kizima.

Mnaweza kusema jina si kitu. Pwani hii ina kumbukumbu tofauti. Kazi ya damu ikikosa jina, watu hulitafuta wenyewe, na walipolitafuta zamani walipata mumiani. Enzi za mkoloni, kuanzia Mombasa hadi Uzaramo, mtu wa zimamoto au wa sindano aliweza kushukiwa kwamba anakamua damu za watu kutengenezea dawa. Mwaka 1959 uvumi huo ulizua ghasia Buguruni, na askari polisi akauawa. Hiyo ndiyo historia anayoibeba begani kijana anayeingia wodini na trei ya sindano, na mnamtuma bila hata kitambulisho chenye jina la kazi yake.

Mpiga chuku wa kale alikuwa na afadhali. Aliumika watu kwa pembe, alifundishwa na baba au mjomba, akatazamwa miaka, na kijiji kizima kikajua kama mkono wake ni mwepesi au mzito. Siku hizi mrithi wake ni mtu wa hijama, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliweka baraza la kusajili watoa tiba wa aina hizo. Kwa hiyo anayetoa damu mgongoni ana mlango wa kubisha. Anayeitoa mshipani hana mlango wake. Mwenye barua hapigi chuku katika hili, kwa maana zote mbili za neno.

Kwa wajumbe waliokaa ofisini muda mrefu, kazi yenyewe iko hivi. Shirika la Afya Duniani liliitolea mwongozo mwaka 2010. Kwanza mgonjwa ataje jina lake mwenyewe, asitajiwe akaitikia, maana ukiita "Mwajuma!" kwenye benchi la Jumatatu asubuhi watainuka watatu. Mpira ufungwe vidole vinne au vitano juu ya mahali pa kuchoma, usikae zaidi ya dakika mbili. Mshipa utafutwe kwa ncha ya kidole kuliko kwa macho, kwa sababu mzuri hunesa ukibonyezwa, na mbaya huwa hodari wa kujionyesha tu. Spiriti ipakwe sekunde 30, iachwe ikauke sekunde 30 nyingine. Isipulizwe. Kijana wa wiki iliyopita aliipuliza, kwa upendo mkubwa, pumzi ya chai ya maziwa na chapati.

Kisha sindano iingie kwa mwinamo wa nyuzi 30 au chini ya hapo, ngozi ikiwa imevutwa kwa dole gumba. Hapo ndipo penye siri ya mshipa wa mbio. Haukimbii. Unateleza pembeni kwa kuwa hakuna aliyeushikilia. Ni dole gumba moja, waheshimiwa, na kila mwajiriwa tayari analo. Halihitaji kupitishwa kwenye bajeti ya Wizara.

Damu ikitoka, mambo bado. Tyubu ya kifuniko cha zambarau ina EDTA, chumvi ya potasiamu inayozuia damu kuganda. Nyekundu haina. Asiyefundishwa akiona nyekundu haijajaa, huimiminia kidogo kutoka ya zambarau, kama mama ntilie anavyosawazisha mchuzi kwenye sahani mbili. Mashine husoma inachopewa: potasiamu imepanda hadi kiwango cha kusimamisha moyo, kalsiamu imeporomoka. Mwenye damu yake yuko nje, chini ya mwembe, anamenya embe. Daktari makini atashtuka na kuomba sampuli nyingine. Asiye makini ataanza kumtibu mtu huyo ugonjwa wa tyubu. Hata ile amri tuliyoizoea ya "kunja ngumi, kunjua, kunja tena" hupandisha potasiamu hiyohiyo, na kuivuta damu kwa pupa kupitia sindano nyembamba huzipasua chembe nyekundu.

Mwaka 1997 Waitaliano wawili, Plebani na Carraro, walichapisha hesabu ya makosa ya maabara ya hospitali na kukuta asilimia 68 yametokea kabla ya kipimo chenyewe kuanza. Kwetu mashine hufanyiwa matengenezo, husawazishwa na kubandikwa stika yenye tarehe. Mkono uliojaza tyubu hauna stika.

Na hatari haiko upande wa mgonjwa peke yake. Kijana yule, alipofanikiwa mara ya nne, aliirudishia sindano kifuniko chake kwa mikono miwili, jambo ambalo mwongozo uleule unalikataza, huku sefti boksi ikimtazama kutoka pembeni ya meza. Angejichoma, angekuwa na saa 72 tu za kuanza dawa za kinga dhidi ya VVU. Mwenye barua alitaka kumuuliza kama amekwisha chanjwa homa ya ini aina ya B, akaona haya. Mtu aliyetoka kukuchoma mara nne mna undugu fulani. Humwulizi mambo yake ya ndani.

Msione aibu, hata walioendelea walichelewa. California walisubiri hadi mwaka 1999, ilipogundulika kwamba mtoa damu mmoja wa Palo Alto alikuwa akirudia sindano zilizokwisha tumika, na maelfu ya watu wakaitwa kupimwa. Ndipo mambo yakakazwa. Kanuni zilizoanza mwaka 2003 zinamtaka asiye na uzoefu akae darasani saa 40, afanye mazoezi saa 40, atoboe mishipa 50 na vidole 10, mbele ya msimamizi anayetia saini. Majimbo mengi ya Marekani hayajafika huko. Cheti hudaiwa na mwajiri tu. Lakini hiyo 50 imemkaa mwenye barua kichwani. Amepiga hesabu akaona kwamba yeye peke yake, kwa asubuhi moja, amechangia majaribio manne katika elimu ya taifa, na hakuna aliyeyaandika popote.

Sasa haki isemwe. Kisarawe si California. Katika zahanati ya kijiji, muuguzi mmoja ndiye anayechanja watoto, anayezalisha, anayepima malaria kwa tone la kidole na anayefagia jioni. Kumpelekea flebotomisti wake mahali hapo ni sawa na kumweka trafiki kwenye njia ya mbuzi. Na si kweli kwamba hatufundishi. Wanafunzi wa maabara na wa uuguzi wanafundishwa kutoa damu, wengine wana mikono ambayo ukifumba macho hujui kama umechomwa. Mwenye barua amewahi kuchomwa na mama mmoja wa namna hiyo, mnene, mwenye miwani ya kamba, akamaliza huku akimsimulia bei ya nyanya Mlandizi. Shida ni kwamba yule mama na kijana wa chai ya maziwa, kwa makaratasi yenu, ni kitu kimoja. Hakuna kipande cha karatasi kinachosema huyu anaweza, na huyu bado.

Kwa hiyo haombi kada mpya, yenye muundo wa utumishi na posho ya kikao cha kuijadili. Anaomba cheti kifupi juu ya taaluma ambayo mtu tayari anayo: muuguzi, msaidizi wa maabara, yeyote anayeshika sindano. Saa 80 za California ni wiki mbili za kazi. NACTVET wanajua kuandaa mtaala, na mikono ya kujifunzia ipo kwa wingi kwenye mabenchi yetu, mradi mwenye mkono aulizwe kwanza. Daftari la mishipa 50 linatosha kuwa daftari la shule la kurasa 48, na nafasi ya maoni ya mgonjwa itabaki.

Wala hamtaanza na mikono mitupu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianzishwa mwaka 2004, na tangu hapo kila Mtanzania aliyewahi kuchangia anajua masharti: umri miaka 18 hadi 65, uzito usipungue kilo 50, mwanamume arudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Tumeweza kumwekea masharti anayenyoosha mkono. Aliyeshika sindano hatujamwekea hata jina, na kwa hilo BAKITA waombwe msaada, maana "mtoa damu" limeshaanza kugombewa na anayechangia, na lile la mwaka 1959 hatulitaki tena.

Mwenye barua anaharakisha kufunga kwa kuwa mkono wa kushoto haujazoea kuandika. Sampuli ya wiki iliyopita iliganda ndani ya tyubu. Hakuna aliyeigeuzageuza ichanganyike na dawa. Ameambiwa arudi Jumatatu saa mbili asubuhi, asiwe amekula kitu. Mjumbe yeyote wa Baraza anayetaka kuja kutazama anakaribishwa, na akija, aje na dole gumba.