Gari Limechoka, Picha Isichoke

Waliosema kizuri chajiuza hawakuwa na IST ya kukodisha Dar es Salaam. Ukiacha zile wiki za mwisho za Desemba, ambapo kila mwenye kwao Rombo au Machame anatafuta usafiri wa kumfikisha nyumbani kwa heshima na chochote chenye magurudumu manne kinapata mtu, miezi mingine yote mteja anachagua akiwa amejilaza kitandani, kidole kikipandisha na kushusha skrini. Hatalisikia gari lako likikohoa. Hatanusa zulia. Ana picha tu. Mwongozo huu umeandikwa kumsaidia mwenye gari apige picha ambazo gari lenyewe likionyeshwa litauliza ni la nani.

Njia ya mkato kuliko zote ni kutopiga picha kabisa. Zile ulizotumiwa na waliokuuzia kutoka Japani bado zimo kwenye simu yako: gari limesimama kwenye lami safi, halijaonja shimo, halijabeba magunia ya mkaa ya shangazi kutoka Chalinze. Weka hizo. Kata pembeni kidogo ile nembo ya kampuni itoke. Mteja akiuliza mbona nyuma kuna theluji, mwambie ni Lushoto mwezi wa Julai. Dosari ni moja: katika picha hizo gari halina namba za Tanzania, na mteja wa siku hizi macho yake yanaanzia hapo.

Na hapo kwenye namba ndipo penye kazi. Namba zetu ni T, tarakimu tatu, halafu herufi tatu, na ile ya kwanza kati ya hizo tatu inasema gari lilisajiliwa nchini zamani kiasi gani. Mjini hapa hata mtoto wa darasa la tano anajua A ilitangulia, ikafuata B, kisha C, D, E. Mwenye namba E anaiosha na kuipiga picha ya peke yake. Mwenye namba B anaweka kidole gumba mbele ya kamera, au anabandika kile kikatuni cha uso unaocheka, kisha anaandika chini kwamba ameficha namba kwa sababu za kiusalama. Usalama wa nani, hasemi, na wewe usiseme.

Ukificha, ficha kibao kizima. Wapo wanaofunika herufi na kuacha ukingo wa njano, na njano inasema hili ni gari la matumizi binafsi, kwa sababu la biashara hubeba kibao cheupe. Mteja mjuzi akiona njano ataanza maswali ya bima, na maswali ya bima hayana mwisho mwema: bima iliyokatwa kwa gari la kwenda kazini na kurudi ni mkataba mwingine kabisa na ile ya gari linalokodishwa, na tofauti yake hujulikana siku gari limeshaingia mtaroni. Hilo si la kuzungumza kwenye tangazo la biashara.

Ukishaificha namba vizuri, tazama saiti mira. Unakumbuka? Katika jiji hili, ambako unaweza kuingia kununua chipsi mayai ukatoka na kukuta kioo chako kimeshapata gari jingine, wewe mwenyewe ulimlipa kijana achonge namba ya usajili kwenye saiti mira zote mbili, kwenye taa na kwenye kila dirisha. Kwa hiyo picha yako ina kidole gumba kilichofunika namba kwa uangalifu mkubwa, na namba hiyohiyo inasomeka kwenye vioo kuanzia mbele hadi nyuma. Usihangaike. Nusu ya matangazo yako hivyo.

Sasa mwanga. Wapiga picha wanaoijua kazi watakwambia upige asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa chini, likimulika gari kwa ubavuni. Wasikilize, ila kwa sababu zako mwenyewe. Mwanga wa jioni una unjano, na ndani ya unjano huo mlango uliopakwa rangi upya na fundi wa uchochoroni unapatana na mlango wa jirani ambao haukuguswa. Mchana hawapatani. Tena Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba, jua la mchana linapita utosini kabisa: kivuli kinaingia chini ya gari kujificha, boneti na paa vinageuka weupe mtupu, na ubavu unazama gizani. Basi lenga saa kumi na moja na nusu jioni. Bahati mbaya saa hiyo wewe na gari lako mko kwenye foleni ya Mwenge, ndiyo maana magari mengi mtandaoni yamepigwa picha Jumapili saa nane mchana, mpiga picha akiwa ameshiba pilau.

Jioni ikikupita, chukua ndoo. Gari lililolowa maji halina mikwaruzo. Maji hujaza ile michirizi midogo, na rangi iliyofubaa inarudi ujana wake mpaka yatakapokauka. Ukiona tangazo ambalo gari limelowa katika picha zote na ardhi chini yake ni kavu, mheshimu mwenzako. Huyo ameusoma mwongozo kabla yako.

Mahali pa kupigia pana siasa yake. Mbele ya geti lako hapafai, maana kuna kuku, kuna kamba ya nguo, na kuna jirani anayependa kuingia kwenye picha akiwa na mswaki mdomoni. Wengi huenda Masaki wakasimama mbele ya geti la mtu wasiyemjua, wakapiga haraka kabla mlinzi hajatoka. Wenye moyo zaidi hupanda Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022 kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan kwenda Coco Beach, zaidi kidogo ya kilomita moja huku bahari ikiwa chini yako. Mandhari hayana mfano. Tatizo ni kwamba daraja si la kuegesha.

“Afande, napiga picha moja tu.”

“Na mimi nakuandikia moja tu, mzee.”

Hiyo ni Sh30,000. Ihesabu kwenye gharama za matangazo.

Kuhusu namna ya kusimama, niseme ukweli kidogo, kwa kuwa hata mwenye kuficha anahitaji ufundi. Picha inayouza ni ile ya pembe, inayoonyesha uso wa gari na ubavu mmoja kwa pamoja. Chuchumaa mpaka simu ifike usawa wa taa za mbele. Kata usukani ili rimu ndiyo itazame kamera, tairi litazame kando. Halafu rudi nyuma, tena rudi nyuma sana, ndipo uvute picha karibu kwa kamera. Simu ina jicho pana, na ukilisogelea gari mita moja na nusu, taa inavimba, bampa linatuna, na IST ambayo haifiki hata mita nne inatokea na pua ya kiboko. Na ufute kioo cha kamera. Ule ukungu wa kimahaba kwenye picha nyingi za magari ya kukodi ni mafuta ya vitumbua.

Kisha chagua upande. Kila gari lililokaa mjini miaka kadhaa lina ubavu wa harusi na ubavu wa msiba. Picha nane zote ziwe za harusi: kutoka mbele, kutoka nyuma kidogo, mlango wazi, mlango umefungwa, wewe umeegemea. Hata hivyo, kuwa mwangalifu, kwani ubavu unaong'aa nao ni kioo. Kwanza utamwonyesha mpiga picha, na si kila mteja alitaka kukuona na msuli na fulana ya kampeni. Pili, ukipigia karibu na ukuta au nyaya za umeme, mstari ulionyooka utajionyesha kwenye mlango. Pale fundi alipojaza puti mstari huo unapinda kama nyoka, na mnunuzi wa magari anayejua kazi yake hutafuta mpindo huo kabla hata hajauliza bei. Mwenye msuli hana habari nao.

Bonde la ubavu wa msiba likikataa kabisa kukaa nje ya picha, andika namba yako ya simu juu yake kwa herufi nene. Hapa una utetezi wa haki: matapeli kweli huiba picha za magari ya watu, wakayatangaza kama yao, wakapokea kianzio na kuzima simu. Picha yenye namba yako haiibiki kirahisi. Kwamba namba hiyo daima imeangukia juu ya mbonyeo wa mlango wa nyuma ni bahati tu.

Tuingie ndani. Gusa kile kitufe cha 0.5 kwenye kamera, siti ya nyuma itakuwa ukumbi wa Diamond Jubilee. Wateja watatu watakaobanana humo hadi Korogwe watapata muda wa kutafakari. Siti zikiwa bado na nailoni za kiwandani, usizitoe, hata kama zimepasuka. Redio ipige picha ikiwa inawaka. Usiandike kwamba ni ya Japani, ambako masafa ya FM kwa miaka mingi yalikuwa kati ya 76 na 90, hivyo bila kifaa cha kuongezea, stesheni zote zilizo juu ya 90 mteja atazisikia kwenye gari litakalompita. Na kitufe cha AC kikiwaka ni picha nzuri mno. Baridi haipigwi picha.

Dashibodi ndiyo mtihani. Mteja anataka kuona kilomita, na pembeni ya kilomita kuna ile taa ya injini ambayo haijazimika tangu uchaguzi uliopita. Ipo dawa. Zungusha ufunguo usiwashe injini. Katika hatua hiyo gari hujaribu taa zake za tahadhari, na nyingi zinawaka kwa pamoja: mafuta ya injini, betri, mifuko ya hewa, breki. Piga hapo. Taa yako mgonjwa itakuwa katikati ya umati wa wazima, na hakuna atakayeinyooshea kidole. Kuna na mtindo wa pili, wa kumlipa fundi aitoe kabisa ile balbu. Huo una hasara: mteja anayejua atashangaa kwa nini zote zimewaka isipokuwa hiyo.

Tairi zipakwe dawa ziwe nyeusi ti, halafu usizisogelee kwa kamera. Wengi huharibikiwa hapa kwa kupenda sifa. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa, na dawa ikizidi ndivyo zinavyosomeka. 3513 ni wiki ya 35 ya mwaka 2013. Umepiga picha ya uzee wake ukidhani unapiga picha ya mng'ao.

Nimeyaacha mwisho makusudi matumizi makubwa ya picha hizi, ambayo wakodishaji wazoefu hawayasemi hadharani. Gari likirudi kutoka safari, unazunguka nalo mbele ya mteja, unafika kwenye ule mbonyeo wa zamani, unashika kiuno. “Kaka, bonde hili umelifanya wewe. Angalia tangazo langu, lilikuwepo?” Halikuwepo. Lilifichwa na namba ya simu. Mteja anakatwa pesa aliyoweka dhamana, mwezi ujao mwingine anakatwa, na mbonyeo uleule unakulipia ada ya shule. Biashara hii ina adui mmoja tu, naye ni mteja anayepiga picha zake.

Kwa hiyo wewe unayetafuta gari la Desemba, mwombe mwenye gari picha nne ambazo hazimo kwenye tangazo: ubavu wa pili, dashibodi injini ikiwa inaunguruma, tarakimu za tairi, na buti likiwa wazi ili spea, jeki na pembetatu vionekane. Siku ya kukabidhiwa, kabla hujapokea ufunguo, washa video mchana kweupe, lizunguke gari likiwa kavu, soma kilomita kwa sauti, mtumie yeye hiyo video palepale. Akikwambia gari zuri halipigwi picha hivyo, mshukuru, tafuta jingine.