Jogoo wa "Playful"

Ripoti ya muhula ilikuwa inasomeka vizuri mpaka kwenye maoni ya mwalimu wa darasa. Hisabati, mtoto amefikia matarajio, Kiswahili, ameyazidi. (Tangu mtaala wa umilisi uanze mwaka 2019, hatuna tena nafasi ya tatu wala ya nne ya kumtambia jirani.) Chini kabisa, kwa wino mwekundu, neno moja: "playful".

Hapa Migori mzazi hahitaji kamusi. Kwenye ripoti, hilo ni shtaka: mtoto hatulii, anachokoza wenzake, mwalimu akigeukia ubao yeye yuko chini ya dawati. Baba watoto akazima runinga na kufungia mpira kabatini. Kesho yake kijana akapandishwa matatu na shangazi yake, kupitia Rongo hadi Homa Bay kwa dana, yaani nyanya yake, akanyooshwe.

Ripoti nayo ikasafiri. Mama mkwe hasomi Kiingereza, akamwita kijana wa chuo, naye akafungua kamusi kwenye simu. Waingereza hulitumia neno hilo kwa watoto wa mbwa na kwa utani usio na ubaya: mchangamfu, mcheshi. Dana akasikia mjukuu kasifiwa na mwalimu. Jogoo akachinjwa jioni ileile.

Baba watoto alipopiga simu kuuliza adhabu imefika wapi, akaulizwa yeye: "Adhabu ya nini? Mtoto anapongezwa shuleni, nyinyi mnamfukuza nyumbani?" Mtu mzima akachapwa maneno hadi salio likaisha. Mimi nilikuwa nakata sukuma, sikuinua macho.

Ushahidi aliuleta mshtakiwa mwenyewe. Jirani wa dana alikuwa ameanika omena kwenye neti. Kijana akaruka kudaka mpira wa makaratasi, akatua katikati yao. Omena wenye mchanga hawana mnunuzi, kwa hiyo tulilipa gorogoro mbili. Mama mkwe akashikilia msimamo: mchangamfu tu.

Mchezo wenyewe siupingi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989 unautaja kuwa haki ya mtoto, kifungu cha 31, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2001, iliyotumika hadi 2022, iliurudia. Lakini walimu wetu, pamoja na wingi wa ripoti mnazojaza, tunaomba mstari mmoja zaidi: alicheza nini, na katika somo gani. Hayo mengine tutagombana wenyewe nyumbani.