Niliagizwa dira, nikasikia dera

Jamani, leo msinicheke. Au chekeni tu, nimeshazoea.

Ijumaa jioni bosi kanipigia, mimi nimesimama kwenye daladala la Gongo la Mboto, shingo imepinda, kwapa la mtu puani. "Jumatatu nataka dira ya ile bidhaa yetu ya deta." Nikasikia dera. Kufika nyumbani namwambia Mama Sele, ananiuliza saizi. Nikampigia bosi kuuliza saizi. Kimya. Halafu: "Sentensi moja inatosha."

Bidhaa yenyewe ni programu ya simu ya bei za nyanya. Deta tunayo, seva inahema. Ya kazi gani? Hakuna aliyewahi kuuliza, na mimi wa kwanza sitaki kuwa.

Wikiendi nzima natunga. Nikatia wadau. Nikatia jumuishi. Nikatia akili mnemba, maana siku hizi usipoitia unaonekana wa kuja. Jumatatu nikasimama, tai imenikaba: "Kuwa jukwaa namba moja la kidijitali linalowawezesha wadau kwa suluhisho jumuishi lenye akili mnemba." Nikasubiri makofi.

Bosi, mtoto wa juzi tu, akasema: "Kaka, soma tena, ila jifanye tunauza majeneza." Nikasoma. Ikakaa! Tena ikakaa vizuri kuliko kwenye nyanya. Watu hoi. Dada wa chai alicheka mpaka akatua trei.

Ndipo bosi akanitolea Rais Kennedy. Eti 1961 aliwaambia Wamarekani mtu atatua mwezini na kurudi salama kabla muongo haujaisha. Mtoto wa shule anaelewa, na 1969 wakatua kweli. Mimi niliposikia muongo nikajua nasemwa.

Usiku nikamsomea Mama Sele, muuza nyanya wa Ilala. Anasonga ugali, hata hakugeuka. "Hiyo itaniambia kesho nichukue matenga mangapi, kabla lori la Ilula halijaingia?"

"Hapana."

"Sasa ya nini, Baba Sele?"

Nikachukua kalamu, nikayaandika maneno yake kama yalivyo: muuza nyanya ajue usiku, kabla lori halijaingia, kesho achukue matenga mangapi. Kesho yake bosi akapiga meza. Nani kaandika? Mimi! Nikapigiwa makofi, nikainama kidogo kama waziri.

Nilisahau kitu kimoja. Dada wa chai nyanya zake ananunua kwa nani? Kwa Mama Sele. Wameongea. Sasa nadaiwa dera, na mara hii nimesikia sawasawa.