Jinsi ya Kudumu Katika Uchumba Sugu Ukiwa Mkatoliki Safi

Kwanza, usiseme hata siku moja kwamba hutaki ndoa. Mkatoliki wa Tanzania hakatai ndoa, anajipanga. Jibu hilo litakutosha kwa katekista, kwa mwenyekiti wa jumuiya, na kwa mwanao atakapotoka mafundisho ya Komunyo ya kwanza akiuliza kwa nini baba na mama hawapokei.

Peleka barua ya posa, lipa mahari hata nusu, kisha hamieni chumba kimoja. Kwa ukoo, shughuli imekwisha. Serikali nayo haina neno: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawadhania kuwa mume na mke mkishakaa pamoja miaka miwili na majirani wakawajua hivyo. Limebaki Kanisa, nalo lina subira.

Ofisi ya paroko iogope kama polisi. Ukiingia utagundua kwamba kinachotakiwa ni kidogo mno: vyeti vya ubatizo, mafundisho ya ndoa, matangazo ya Jumapili tatu, padre au shemasi, na mashahidi wawili. Suala la padre na mashahidi lilipitishwa kwenye Mtaguso wa Trento mwaka 1563. Mtaguso ule ulianza 1545, na katika miaka yote hiyo maaskofu hawakukumbuka kutaja ukumbi wala MC.

Kasoro hiyo irekebishe wewe. Unda kamati. Mwenyekiti awe mtu mwenye gari, mweka hazina awe shangazi asiyecheka. Fungua kundi la WhatsApp, chapisha kadi za michango, za single na za double, kisha andika bajeti: ukumbi, mapambo, keki, ndafu, sare, mpiga video na drone yake. Usisahau kitchen party na send-off, maana zina kamati zake. Michango ikifika nusu, yupo mjumbe mwenye busara atakayeuliza, "Kwani tukipika pilau nyumbani?" Mtoe kwenye kundi. Ahirisha mpaka Kwaresima ipite, halafu mpaka mavuno, halafu mpaka mtoto wa tatu aache ziwa ili gauni limkae mama yake.

Hapa maparoko nao wanastahili shukrani. Zipo parokia ambako fomu haigongwi muhuri mpaka zaka na michango ya ujenzi ilipwe, na madeni ya kigango yafutwe kabisa. Uchumba sugu haujengwi na walei peke yao.

Ila kaa chonjo na ndoa za pamoja. Paroko mjanja huwakusanya wachumba wa aina yenu, jozi kwa jozi, akawafungisha wote kwenye misa moja, watoto wao wakiwa ndio wabeba maua, kisha soda na wali uwanjani. Wakikualika, sema hamuwezi kuoana kwa foleni. Watu watasemaje?

Jumapili endelea kuja. Imba kwaya, mama avae kitenge chake cha WAWATA. Wakati wa Komunyo shika mtoto mdogo. Kama wako wamekua, azima.

Ukizeeka ukalazwa, padre anaweza kukufungisha ndoa pale pale kitandani, kwa sababu kwa mtu aliye katika hatari ya kufa Kanisa hulegeza karibu masharti yote. Wahi kumwambia mweka hazina asivunje kamati. Itahamia kwenye msiba na kundi lile lile la WhatsApp, na safari hii bajeti itatimia kwa siku mbili.