Hotuba Kuu Juu ya Tone la Maji, Kilosa na Mikumi

Ni dhahiri kwa kila aliyeelimika, na itakuwa dhahiri kwa waliosalia baada ya hotuba hii, kwamba tone halilowanishi kitu kwa hiari yake, bali kwa hukumu ya nguvu tatu zinazovutana pale maji, hewa na kitu kigumu vinapokutana, hukumu ambayo Mwingereza Thomas Young aliieleza mwaka 1805, akimtangulia mhadhiri huyu kwa bahati tu ya kuzaliwa mapema. Pembe iliyo ndani ya tone, kati ya ukingo wa maji na uso wa kitu, huitwa pembe mguso: isipofika nyuzi 90 tone hutandaa, ikizidi hapo hujikunja, na ikipita 150 huwa kama gololi.

Jani la gimbi, ambalo mhadhiri amelileta ukumbini kwa gharama zake, limejaa vinundu visivyoonekana kwa macho, vyenye nta, navyo hunasa hewa chini ya tone, hivyo maji hukaa juu yake mithili ya mgeni aliyekalishwa ukingoni mwa kiti. Jani la kitunguu nalo lina nta, tena husimama wima, ndiyo maana dawa iliyochanganywa na maji matupu hudondoka chini, na wakulima wazoefu wa Malolo, wilayani Kilosa, hutia sabuni kidogo kwenye bomba la kupulizia. Sabuni hupunguza mvutano wa uso, yaani nguvu inayoukaza uso wa maji kama ngozi ya ngoma, ambayo kwa maji safi ni takriban milinyutoni 72 kwa mita. Kwamba walilijua hilo kabla ya kuhutubiwa ni kosa la utaratibu, nalo limesamehewa.

Mikumi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 na kupasuliwa na barabara kuu iendayo Zambia, ni maabara isiyojijua: mvua ikinyesha, kioo safi cha lori hupata utando mmoja wa maji, ilhali kioo chenye mafuta hujaa matonematone, hata dereva asimwone tembo, mnyama ambaye si mdogo.

Wasikilizaji wanaombwa wasiliguse jani lililopo mezani, kwani nta yake ikifutwa kwa kidole tone litatandaa, na hotuba nzima itakuwa imepingwa.